Herufi Moja Katika Albamu ya Pili

Wazee, shikamooni. Ndugu zangu, nitasema kwa mpangilio, kama ninavyofungua redio: kifuniko kwanza, waya baadaye.

Wengi hapa Nyamiaga mnajua natengeneza redio. Wachache mnajua nilikuwa na bendi ya metali, ule muziki wa magitaa mazito ambao mama mmoja pale nyuma aliuita mashine ya kusaga iliyoharibika. Cheka tu, mama. Tulikuwa watatu: mimi gitaa, mwenzangu dramu, na mwimbaji wetu, mkulima wa Keza. Sauti yake ilinguruma kutoka tumboni. Albamu ya kwanza ilipendwa kwa sababu yake.

Kisha tukapiga muziki Biharamulo. Mnajua sisi Wahangaza herufi l hutuponyoka ikawa r. Mtu mmoja akapaza sauti: "Wahangaza, leo mnarara wapi?" Ukumbi mzima ukacheka. Nawaambia, mwimbaji alicheka nao. Aliyeumia ni mimi. Niliishia darasa la saba, na Kiswahili changu nilikisafisha mwenyewe kwa kusoma magazeti kwa sauti. Nikaapa kwamba albamu ya pili haitachekwa.

Wimbo mkuu wa albamu hiyo, mwimbaji aliutunga alipomzika mama yake. Ulianza: "Lala, mama." Tukaanza kurekodi, akaimba "Rara."

"Lala," nikasema.

"Rara."

"Ncha ya ulimi nyuma ya meno. Lala."

Mpiga dramu akasema, "Mwache, bwana. Hiyo r ndiyo wimbo wenyewe."

Sikumwacha. Siku nzima, neno moja. Mwisho akavua hedifoni, akaiweka mezani taratibu. "Kaka, mama nilimwambia rara. Hiyo nyingine alikuwa haijui." Akaondoka.

Nikaimba mwenyewe. Kila herufi ilitoka sawa. Mpiga dramu alisikiliza mara moja, akasema, "Unasoma taarifa ya habari," naye akaacha kuja. Nikaanza kunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, asubuhi kabla ya kufungua kibanda cha redio, halafu kibanda kikawa hakifunguliwi kabisa. Mke wangu akarudi kwao Murukulazo. Simlaumu.

Halafu mama yangu akafariki. Kaburini nikapewa nafasi ya kusema. Nilikuwa nimelewa, lakini maneno nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi. Nikafungua mdomo, ikatoka: "Rara, mama." Nikashindwa kuendelea. Mtu akanishika mkono nisianguke. Alikuwa yeye, mwimbaji, jembe la kufukia likiwa mkono wa pili. Tangu siku hiyo sijanywa.

Msiba ulipoisha nilikwenda Keza kumwomba radhi. Akaniambia, "Nitaimba, ili mama yangu asibaki na sauti yako." Aliimba albamu nzima kwa siku mbili, juu ya magitaa na dramu zilezile. Sikusahihisha kitu. Alipomaliza alinipa mkono, akasema hataimba tena na mimi. Hajaimba. Tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri, basi.

Nawashukuru ninyi wa kikundi hiki cha kuacha pombe, mlionikalisha hapa kila wiki bila kunihoji, na mke wangu aliyerudi, ambaye bado kila asubuhi hunitazama mikono kama inatetemeka. Ninalowaachia ni hili: kabla ya kumsahihisha mtu, jiulize aibu ni ya nani. Mimi nilijiuliza nikiwa nimeshachelewa. Wanaoisikia albamu ile wanasema ni nzuri sana. Mimi, ndugu zangu, siwezi kuisikiliza.