Karatasi ya Mgongoni mwa Kiti

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa wetu hapa Matogoro, Baba Paroko, Mwalimu Beda, uliyemfundisha binti yetu Kijerumani, dada yangu Bernadina, mama mzazi, pamoja na msafara wako wote kutoka Mpitimbi, wazee wangu, shikamooni, ndugu wageni waalikwa, na ninyi ambao hamkualikwa ila mmesikia kuna nguruwe amechinjwa, karibuni wote.

Mshereheshaji wetu Daimu amenipa dakika tano. Dakika tano, mimi Alfonsi! Mtu mwenye lugha saba mdomoni, hata dakika moja kwa kila lugha haifiki.

Tumekusanyika kumuaga mpwa wangu Violet, muuguzi, ambaye kesho anapanda basi kwenda Dar es Salaam, na kutoka hapo ndege, kwenda kufanya kazi hospitalini Ujerumani. Amekaa nyumbani kwangu miaka saba. Na kwa kuwa safari yenyewe imeletwa na lugha, naomba nizungumzie lugha, maana katika ukoo huu nani mwingine ataziweza?

Nyepesi kuliko zote ni Kireno. Nilikuwa navuka Ruvuma na mitumba yangu kwenda Msumbiji, kiboko akatuzuia siku mbili kwenye kisiwa cha mchanga, mimi na mvuvi wa ng'ambo. Tulipofika ukingo wa pili, tayari nilikuwa nawasuluhisha bwana forodha na mkewe. Kichina kinafuata: siku tisa tu, kwenye kibarua cha barabara ya Namtumbo. Siku ya kumi msimamizi akaniambia, Alfonsi, niandikie barua kwa mama yangu, mwandiko wako umenizidi. Mnacheka? Haya, chekeni. Kiingereza nilikiacha darasa la saba kwa sababu kilikuwa hakinichoshi.

Na ngumu kuliko zote? Violet anajua jibu, maana nimemwimbia miaka miwili. Kijerumani! Mimi nimefanya kazi karakana ya misheni, chini ya Bruda mmoja Mjerumani, sijasimuliwa. Kila jioni Violet alipofungua daftari nilimwambia, "Mama, neno moja la hao watu linaanzia Matogoro linaishia Lusewa. Kitakupasua kichwa. Bruda mwenyewe kilimshinda, unadhani kwa nini alihamia huku?" Naye anajibu bila kuinua macho, "Sawa mjomba, nimesikia. Nisogezee taa."

Alipofeli mtihani wa kwanza, nilinunua nyama kilo mbili. Majirani mlinisifu, mkasema Alfonsi ana moyo, anamfariji mtoto. Ndugu zangu, mbele ya Baba Paroko nasema leo: sikuwa namfariji. Nilikuwa nasherehekea. Na alipofaulu mara ya pili, nyumba nzima ikipiga vigelegele, mimi nilitoka nje kwenda kulisha nguruwe ambao walikuwa wamekwisha kula.

Nani aliniuliza siku ile nina nini? Hakuna. Mtu msemaji akinyamaza, watu wanashukuru wamepumzika.

Sasa sikilizeni habari ya karatasi. Violet alibandika vikaratasi nyumba nzima, kila kitu na jina lake la Kijerumani: mlango, ndoo, jiko, kinu. Mbuzi naye alibandikwa, akala jina lake. Na mgongoni mwa kiti changu cha barazani akabandika kimoja. Nikamuuliza, "Hapa umeandika nini?"

"Si wewe ndiye mjuzi, mjomba? Soma."

Nikakohoa. Nikasema, "Kiti. Umeandika vizuri."

"Ndiyo mjomba," akasema, "kiti."

Mwaka mzima nimekalia kiti kile. Wiki iliyopita Mwalimu Beda alikuja kuleta habari kwamba viza imetoka, akaangalia mgongo wa kiti, akacheka hadi akashika nguzo. "Mzee Alfonsi, hapa hapajaandikwa kiti. Pameandikwa mjomba."

Nikamwita Violet. Nikamwambia, "Wewe mtoto, mbona ulinidanganya?"

Akasema, "Niliandika kila kitu cha nyumbani ili nikifika kule, nikitamka neno, nikione. Sasa wewe mjomba hutulii mahali pamoja, ningekubandika wapi?"

Ndugu wageni waalikwa, Kijerumani changu mimi ni nyundo, msumari, na matusi mawili. Kireno changu ni bei ya suruali. Kichina changu ni beba, simama, haraka. Miaka yote hiyo nimezunguka na watu wa mataifa, na hakuna hata mmoja aliyenifundisha namna ya kumwambia mtu kwamba nitabaki nikimwaza. Kibarua nani atamfundisha hilo? Na sasa ndilo neno pekee ninalolihitaji, nami sina hata la Kiswahili la kunitosha.

Mama Jeremia, mke wangu, alitaka kupaka rangi kuta kwa ajili ya sherehe hii. Nimekataa. Karatasi zitabaki mpaka zidondoke zenyewe. Na Mwalimu Beda, Jumatatu nakuja darasani kwako. Nitakaa benchi la nyuma na watoto wa watu. Usinisifu, nianzishie mwanzo kabisa.

Violet, mama, simama nikuone. Nimeshika kipaza sauti, Mwenyekiti yupo, mama yako yupo, hakuna wa kusema hakusikia. Mjomba wako alikudanganya miaka miwili, alitaka ushindwe ili ubaki. Kijerumani ni chepesi. Umekiweza, na huko uendako utakiweza. Nenda usiogope. Jumapili ukipiga simu, nitakuwa nimetulia mahali pamoja, pale pale uliponiandika.

Asanteni wote kwa kunivumilia. Daimu, fungulia muziki, haraka.