Bibi Bertha Hakai Kabatini

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa viongozi, wageni waalikwa, wazee wetu shikamooni, na nyinyi wavuvi mliotoka Kabwe, kule ziwani, alfajiri mkafika hapa Sumbawanga na vumbi mpaka kwenye kope: nawasalimu wote.

Mimi ni Coleta, fundi, binti wa wakulima wa ulezi wa Msanzi. Kuogelea sijui. Ndiyo maana nikatengeneza roboti ya kuzama na kunusa mafuta kwa niaba yangu! Tumeiita Bibi Bertha, jina la mama mkwe wangu, maana naye hunusa pombe ungali mlangoni. Mama, nisamehe, lakini si kweli?

Boti ilipozama na mapipa kumi na moja ya dizeli, tuliambiwa nini? Kwamba mafuta huelea, ziwa limetazamwa juu ni safi, kavueni. Mzee Mboje, mvuvi wa Kabwe, akavua. Dagaa wake wakanuka dizeli, wanunuzi wa mjini hapa wakamtukana hadharani, naye akarudi akawafukia dagaa hao kwa mikono yake mwenyewe. Nani amemwomba radhi mpaka leo?

Bibi Bertha alizama siku tatu, akiyafuata mafuta chini kwa chini hadi kwenye miamba wanakozaliana samaki. Kumbe mapipa yamelala pale, yanavuja kidogokidogo! Tumeopoa manne. Saba bado.

Na leo, Mheshimiwa, mnanipa cheti, halafu Bibi Bertha akabidhiwe ofisini kwenu, awekwe kwenye kabati la vioo, wageni wapige naye picha. Eti kazi imekwisha. Imekwisha kwa nani? Barua nimeipata: nisipomkabidhi, mkataba wangu unavunjwa. Uvunjwe! Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi simfichii mtu maradhi ambayo watoto wa Kabwe wanayanywa kila siku.

Cheti nakipokea kwa heshima zote. Ila sanduku hilo lenye utepe, la kumkabidhi Bibi Bertha, Mheshimiwa, naomba ulifungue sasa hivi, watu waone.

Ni tupu. Bibi Bertha yuko majini Kabwe tangu saa kumi na mbili asubuhi, analitafuta pipa la tano. Mlikuwa mnajiuliza Mzee Mboje yuko wapi? Ndiye aliyeshika kamba yake. Jana aliniambia, "Mwanangu, wewe nenda kaongee. Kamba mimi siachii."

Nami siachii. Asanteni sana kwa kunivumilia; na anayetaka kunifukuza kazi, atanikuta Kabwe.