Mwalimu Njura na Nyoka wa Kijani wa Mikinduri

Ndugu waombolezaji mliofika hapa nyumbani kwa marehemu, Mikinduri, poleni na safari na poleni na msiba, na kabla hatujamlaza ndugu yetu tunaomba mtusikilize, maana tangu wiki iliyopita yamesemwa mengi huko sokoni, na mengine yamemuumiza mtu asiye na hatia.

Mwalimu Elias Njura Ireri alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kiambere, Mbeere, akiwa mtoto wa pili wa mzee Ireri na mama Ciarunji, na kulingana na mama, alianza kukimbia kabla hajajua kukaa, na kila alipotumwa kuchunga mbuzi, mbuzi walirejea nyumbani peke yao, yeye akibaki kando ya Mto Tana akimfuata ndege ambaye hakumjua jina.

Alisoma shule ya msingi palepale Kiambere, akaendelea na sekondari mjini Embu, akafuzu ualimu mwaka 1984, na Januari 1985 akaletwa kufundisha sayansi hapa Mikinduri, ambako Kimeru chake chenye lafudhi ya Kimbeere kiliwachekesha wanafunzi miaka na miaka, naye wala hakujali. Ni hapa alipopata kitabu cha kutambua ndege, na baadaye kingine cha kutambua nyoka, akavibeba kwapani popote alipokwenda, hata kanisani, na mchungaji wetu ni shahidi kwamba hakuna mahubiri ambayo Mwalimu aliyasikiliza hadi mwisho iwapo ndege alilia nje ya dirisha.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Winrose Kaari, na mliokuwepo mnakumbuka kwamba katika picha za kukata keki bibi harusi yuko peke yake, kwa sababu ndege hondohondo alilia nyuma ya hema, na bwana harusi akatoka mbio na suti yake kwenda kuhakikisha ni wa aina gani. Mungu aliwajalia watoto watatu, Kagwiria, Murungi na Adrian, na Kaari alizoea kupika chakula kinachoweza kusubiri, maana simu ikilia kwamba nyoka ameonekana jikoni kwa fulani, Mwalimu aliacha sahani mezani, akavaa gambuti, akaenda.

Baada ya kustaafu mwaka 2021 tulidhani atatulia, lakini wapi, ndipo alipozidi, akizunguka kwa wachumaji wa miraa, ambao hupanda mitini kila siku na ambao kwao kila nyoka dawa yake ni panga. Aliwafundisha kwamba wengi wa hawa wa kijani hula vyura na mijusi na hawana sumu ya kumdhuru mtu, akawaonyesha picha, akawawekea sharti moja, kwamba fungua kitabu kabla ya kunyoosha mkono, nao wakaanza kumsikia, na hilo lilimfurahisha kuliko cheo chochote alichowahi kupewa.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 5 Agosti 2025, Muthomi, jirani yetu na mchumaji, alimwita kwa sababu nyoka wa kijani alikuwa amejinyoosha kwenye tawi la miraa yake. Gari la kupeleka miraa sokoni lilikuwa limeshawashwa barabarani, wachumaji wakipiga kelele wasiachwe, na Mwalimu, ambaye maisha yake yote hakuweza kusubiri kitu, alinyoosha mkono kitabu kikiwa bado kwapani, akamshika, akaumwa kidole. Alicheka, akasema huyu hana neno, akamwachilia kichakani, na gari likaondoka.

Kesho yake fizi zilianza kutoa damu, na hapo ndipo alipofungua kitabu, akaona kwamba yule alikuwa nyoka wa miti mwenye sumu, anayefanana sana na wale wapole. Alikimbizwa hospitalini Meru, lakini dawa ya nyoka huyo ilibidi iagizwe ng'ambo, na tarehe 9 Agosti, kabla haijafika, Bwana alimchukua, akiwa na miaka sitini na minne.

Hata kitandani hakukubali kulala chali, aliinuka, akauliza, akainuka tena, na alilokuwa akiuliza ni moja tu, kama Muthomi ameambiwa kwamba kosa si lake. Alimshika mkono mdogo wake Kithaka, anayewasomea historia hii, akasema: "Kithaka, lisome hili mbele ya watu wote: si Muthomi, ni mimi. Page ya nyoka huyo naijua, lakini sikufungua." Akaagiza pia mwambiwe kwamba yule mwenye sumu ana jicho kubwa kupita kiasi na kichwa kifupi, na kwamba mwenye shaka asimguse wala asimuue, amwachie njia.

Kwa hiyo wanaosema Muthomi alimwita Mwalimu kwenye kifo chake, na vijana waliotishia kung'oa miraa yake, familia inawaomba wakome leo, kwani uchungu huu ni wetu, nasi hatujamdai mtu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliokesha naye, majirani waliotuletea kuni, maji na chakula, walimu wenzake, wachumaji wote wa miraa, na kanisa lililotushika mkono. Tunakushukuru na wewe, Muthomi, uliyemkimbiza hospitalini kwa pikipiki yako na ambaye hujaingia boma hili tangu siku ile. Tunakuona hapo nje ya ua. Ingia, ndugu yetu, usimame na Kagwiria, Murungi na Adrian, mtie udongo kaburini pamoja.

Mwalimu, Muthomi ameambiwa. Tulia sasa, pumzika kwa amani.