Wimbo wa Mzee Fiksi

Jumamosi, tarehe nane Machi, saa kumi na dakika ishirini alasiri, ndipo Keziah alipojua kwamba marehemu mumewe, Eliezer, hakuwa mwongo. Kesho yake, ibada ilipokwisha, aliendesha gari kwenye theluji ya ughaibuni hadi mji wa Blaine, kwenye duka la vyakula vya nyumbani ambalo benchi lake la dirishani ndilo kijiwe. Eliezer alilikalia miaka kumi na miwili, na hapo ndipo walipompa jina la Mzee Fiksi, yaani mzee wa uongo, kwa hadithi moja tu: kwamba alipokuwa mwanafunzi China aliona filamu ya kutisha ya zamani, isiyo na rangi, ambayo Wachina waliitoa kwenye riwaya ya Kizungu. Hata msibani jina lile lilitajwa, watu wakacheka. Sasa rafiki zake wawili wa kijiweni, waliojulikana kama Balozi na Daktari, walikuwa wamekaa, chupa ya kahawa katikati yao.

— Karibu, shemeji, alisema Balozi. Mbona unang'aa hivyo?

— Nimeiona filamu ya Eliezer.

— Ile ya fiksi?

— Ile ile. Jana, chuoni, walipoonyesha filamu za zamani, kwa macho yangu haya. Fundi saa anazikwa, anarudi hana uso, anaimba chini ya dirisha la mkewe.

— Filamu za Wachina ni mateke, shemeji. Mzimu gani utamsogelea mtu wa mateke?

— Na hadithi ni ya Ulaya! alidakia Daktari, ambaye huogesha wazee kule Plymouth na jina alijipa mwenyewe. Hao ni Wazungu waliopakwa rangi.

— Ni Wachina. Hadi mfagiaji.

— Basi ni malaria. Marehemu aliota, akakuachia ndoto kama alivyokuachia koti.

Balozi akainua kidole.

— Wacha niwaambie. Chuo kimeitengeneza juzi kwa kompyuta. Wamesikia kuna mjane, wakaona wamfariji.

Keziah akaimba kwa kuguna, polepole, mdomo umefungwa.

— Si huo wimbo wake wa kanisani? Daktari aliuliza. Alikuwa akiuguna hapa akisubiri kahawa ipoe.

— Hata mimi nilidhani wa kanisani. Jana fundi saa aliuimba wote, hadi ubeti wa mwisho ambao Eliezer alikuwa ameusahau. Kompyuta iliujuaje?

Daktari akaweka kikombe chini.

— Shemeji, umetushinda. Bana, umetushinda kabisa!

— Basi jina la Fiksi limekufa.

— Limekufa na tumelizika, alisema Balozi, akampigia makofi.

Keziah alitamani kupanda juu ya benchi kwa furaha. Ndipo Wairimu, mwanafunzi aliyekuwa akisubiri kupimiwa dagaa, alipogeuka.

— Samahani, auntie. Alipokuwa hai, nani alimwamini?

Balozi akachungulia kikombe chake. Daktari akahangaika na zipu ya koti. Keziah naye alikumbuka jioni aliyomwambia mumewe mbele ya wageni, "Baba, hiyo hadithi iache sasa." Akaitikisa chupa. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Akasimama, nao wakasimama. Balozi akavua kofia.

— Ee Bwana, mpokee Eliezer, mtu mkweli. Utusamehe sisi tuliochelewa. Na ule ubeti wa mwisho, Baba, mkumbushe. Amina.