Linagonga Nini Huko Chini?

Benchi la Shangazi muuza kahawa liko pale barabara ya lami inapokutana na ya vumbi. Mguu mmoja wa benchi ulivunjika zamani, pakawekwa tofali. Wanaolikalia ni walewale: Kiraka, fundi viatu, ambaye mdomo wake huenda kasi kuliko sindano yake, na Hoja, mwalimu mstaafu, asiyekubali jambo kabla ya kulipinga. Asubuhi ile Taratibu, dereva wa teksi, aliegesha mbele yao na kuzima injini. Tangu mvua ziharibu barabara, gari lake lilikuwa likigonga huko chini, ga-ga-ga, mpaka abiria wakaanza kulikimbia.

— Naliuza, alisema, akipokea kikombe. Mnunuzi anakuja mchana.

Shangazi akaacha birika hewani.

— Gari alilokuachia marehemu kaka yako?

— Nifanyeje, Shangazi? Limekwisha.

— Hiyo ni giaboksi, alisema Hoja. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha nini tena, Mwalimu?

— Cha vyuma vilivyosagika!

Kiraka alicheka hadi uzi ukamponyoka.

— Giaboksi hailii hivyo. Humo mna panya. Kaingia, kajenga, sasa ana familia. Kikulacho ki nguoni mwako!

— Panya gani anayegonga penye mashimo tu?

— Anajigonga kichwa, maskini! Wewe ungelala humo ungetulia?

— Basi ni injini, Hoja akageuza. Debe tupu haliachi kuvuma. Oili imekauka.

— Oili katia juzi, ukimwangalia, alisema Shangazi.

Kiraka akaweka kiatu chini, akashusha sauti.

— Niseme lililo moyoni? Gari linamlilia mwenyewe, yule marehemu.

Hapo hakuna aliyecheka. Taratibu alikazia macho kahawa yake. Wazo hilo halikuwa geni kwake. Alikuwa akilala nalo.

Ndipo akatokea mkunga, sare yake imepigwa pasi, mkoba kwapani.

— Hamjambo? Teksi ya nani? Naingia zamu.

— Yangu, dada. Ila sikushauri. Lina kelele mbaya.

— Kelele ya nini?

Wakamjibu wote kwa pamoja, giaboksi huku, panya kule. Mkunga akawaacha wamalize.

— Nani ameinama akachungulia?

Hoja akachungulia kikombe chake. Kiraka akatafuta uzi uliokuwa mkononi mwake. Taratibu alihisi uso unamchoma. Kila siku alikuwa amewauliza hawa, akamuuliza na muosha magari, na jirani, na shemeji. Mtu anayeogopa jibu hupenda kuuliza wengi.

Akatandika gunia, akalala chali, akajisukuma chini ya gari. Bomba la moshi lilikuwa linaning'inia upande mmoja. Raba inayolishikilia ilikuwa imekatika, basi gari liliporushwa na shimo, bomba lilipiga sakafu yake. Akatafuta ubovu mwingine. Hakuuona.

— Ni raba, alisema kutoka huko chini.

— Nini?

— Raba! Raba tu!

Kiraka hakungoja kuombwa. Alikata kipande cha tairi alichokitunza kwa ajili ya soli, akatoboa matundu mawili kwa msharasi, akampitishia.

— Jifunge kitambaa mkononi, bomba bado la moto!

Taratibu akavisha tundu moja kwenye kulabu ya gari, jingine kwenye kulabu ya bomba. Akalitikisa kwa nguvu zote. Halikugonga kitu.

— Mimi nilisema si giaboksi, alisema Hoja.

Shangazi alimtazama tu.

Taratibu alijifuta mikono, akampigia mnunuzi.

— Ndugu yangu, usijisumbue kuja. Nimeghairi. Hapana, si bei. Nimeghairi tu.

Njiani gari lilikuwa kimya hata saa ya mkononi mwa mkunga ikasikika. Walipokwisha kupita soko, mkunga akamgeukia.

— Kitu chepesi vile. Mbona hukuchungulia siku zote hizo, kaka?

— Niliogopa, dada. Nilidhani ameniacha moja kwa moja.

— Nani? Gari?

Taratibu aligusa usukani wa kaka yake. Mbele palikuwa na shimo. Akapunguza mwendo, akaliingia polepole, akisikiliza.