Nani Kamwoa Nani

Mhariri: Haloo, dawati la makala hapa. Nani mwenzangu?

Seremala: Wewe ndiye uliyeandika huu uchafu?

Mhariri: Samahani? Shikamoo mzee, lakini—

Seremala: Shikamoo yako kaa nayo. Ukurasa wa kumi na moja! Mmemweka mke wangu kafumba jicho moja kama mlevi. Mlikosa picha nyingine?

Mhariri: Aaa. Kumbe wewe ndiye mume wa mwandishi. Yule seremala.

Seremala: Yule yule. "Mume Aliyeolewa," kama mlivyoniandika kwa herufi kubwa.

Mhariri: Zima basi hiyo mashine, nasikia mbao tu zinalia.

Seremala: Ngoja. [mashine inazimika] Haya, nimezima. Sasa unisikie vizuri.

Mhariri: Nafunga ukurasa wa kesho saa nane, mzee. Kama una malalamiko, andika barua.

Seremala: Barua! Mmvue mtu nguo mbele za watu, halafu mimi nianze kutafuta bahasha?

Mhariri: Hakuna aliyevuliwa nguo hapa. Kitabu chake kinachapishwa upya, nimekisoma, nimetoa maoni yangu. Ni kitabu kibovu. Kelele nyingi, hadithi kiduchu.

Seremala: Umekisoma kweli?

Mhariri: Mara mbili.

Seremala: Kinaanzaje?

Mhariri: "Nilimwoa siku ya mvua, akiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi."

Seremala: Ehee. Sasa soma mlivyoandika gazetini.

Mhariri: Nimenukuu hivyo hivyo.

Seremala: Soma! Si unalo hapo mezani?

Mhariri: Mzee una ubishi wewe. [karatasi zinafunuliwa] "Niliolewa naye siku ya—" Ala!

Seremala: Ala nini? Endelea.

Mhariri: Huyu msahihishaji wetu jamani... Kaona mwanamke anasema "nilimwoa," akadhani ni kosa la sarufi.

Seremala: Akalinyoosha! Halafu mstari wa chini mnasema, "kwa sentensi hii moja aliwatukana wanaume wote." Tusi liko wapi hapo? Wanawake wangapi wameolewa siku ya mvua?

Mhariri: Usinicheke.

Seremala: Nani anacheka? Mimi nina hasira hapa natetemeka.

Mhariri: Haya, kosa ni letu. Kesho tutaomba radhi kwa neno hilo. Neno hilo tu. Maoni yangu hayasahihishwi na mtu.

Seremala: Maoni gani? Umesema aliwafundisha wanawake wawakimbie waume zao. Ukurasa gani huo? Nitajie.

Mhariri: Si lazima aliseme neno kwa neno. Limeeleweka.

Seremala: Na nani?

Mhariri: Na waliokimbia, mzee!

[mkwaruzo]

Seremala: Unakatika. Umesemaje?

Mhariri: Nimesema mama yangu alikuwa nacho hicho kitabu, kakificha chini ya godoro. Nilikuwa darasa la nne. Siku moja narudi shule, godoro lipo, kitabu hakipo, mama hayupo.

Seremala: Pole.

Mhariri: Sikukuomba pole.

Seremala: Baba yako alikuwa... mkono wake ulikuwa mwepesi?

Mhariri: Tuongee ya kitabu.

Seremala: Nauliza tu, binti.

Mhariri: Na mimi nakwambia tuongee ya kitabu! Wanaume wa kitabu chake wote ni majuha. Hakuna hata mmoja mwenye akili zake timamu. Yule wa sura ya nne anashindwa hata kuchemsha maji. Mwandishi wa haki haandiki hivyo, huko ni kukomoa.

Seremala: Yule ni mimi.

Mhariri: Eti?

Seremala: Wa sura ya nne. Sufuria niliiunguza mimi, na mwiko nikauunguza. Mwiko hakuutaja. Kanistahi.

Mhariri: Ebo! Leo ndio unamtetea? Usinifanye mtoto mdogo, mzee. Kwenye makala yangu kuna shahidi mmoja tu, na shahidi huyo ni wewe.

Seremala: Najua.

Mhariri: Nimechimbua gazeti letu la mwaka ule kitabu kilipotoka. Mwandishi wa habari alikuja karakana kwako akakuuliza. Nakusomea jibu lako: "Mimi, mwanamume mzima, niolewe? Mke wangu ana wazimu wa kalamu." Ulisema, hukusema?

Seremala: Nilisema.

Mhariri: Basi! Umeacha watu wamwite mwendawazimu miaka thelathini, leo unanipigia mimi makelele? Mimi nimenukuu tu.

Seremala: Nilidanganya.

Mhariri: Hee!

Seremala: Lile neno la kuolewa hata si lake. Ni langu.

Mhariri: Unazidi kunichanganya.

Seremala: Tulia nikwambie, salio lenyewe dogo. Alikuja kutengenezewa kabati la vitabu. Nikamtengenezea. Wiki ya pili karudi, ati linayumba. Nikalinyoosha miguu. Wiki ya tatu karudi, ati droo inakwama. Binti, droo zangu mimi hazikwami! Lakini nilikuwa domo zege, sikuelewa kitu, napiga msasa tu. Mwisho akasimama katikati ya mafundi wote akasema, "Kabati halina kosa. Mimi nakutaka wewe." Akatoka zake. Watu wameduwaa, mmoja kashika nyundo hewani. Ndipo nikawaambia, "Jamani eeh, nimeolewa."

Mhariri: [anacheka kidogo] Acha wewe.

Seremala: Kwa mdomo wangu huu. Naye alikuwa bado pale dirishani, kasikia, kacheka mpaka kakaa chini. Akalichukua akaliandika. Kwake lilikuwa neno la mapenzi.

Mhariri: Na kitabu kilipotoka?

Seremala: Watu wakaja juu. Mteja analeta kitanda, ananiuliza kama nimeomba ruhusa kwa mume wangu. Nikiingia kwa kinyozi, kimya, halafu kicheko. Niliona aibu, sikufichi. Mwandishi wenu alivyokuja, nikamkana mke wangu mchana kweupe, wala sikumeza mate.

Mhariri: Alisoma?

Seremala: Alisoma. Akanipakulia chakula. Na hajaandika kitabu kingine tangu siku hiyo.

[mkwaruzo]

Mhariri: Mimi nimeandika... nimeandika aliishiwa cha kusema.

Seremala: Umeandika. Nimeona.

Mhariri: Ningejuaje?

Seremala: Ungeuliza! Nyumba yetu haijahama. Wewe unajiita mhariri, umekaa hapo unafukua magazeti makuukuu, mwenye maneno yupo hai!

Mhariri: Usinifokee! Aliyesema uongo ni nani, mimi au wewe?

Seremala: Mimi.

Mhariri: Sasa unataka nini? Miaka yote umepiga kimya, kwa nini leo?

Seremala: Macho yake yameharibika. Gazeti namsomea mimi kila asubuhi. Leo kaambiwa na jirani kwamba yumo. Kavaa vizuri, kakaa kwenye kiti, kaniambia, "Soma, usiniruke." Nikasoma matusi yako yote, sikuruka hata moja. Akasema mwandishi huyu ana hasira lakini sentensi zake zimenyooka.

Mhariri: Kasema hivyo?

Seremala: Kasema. Nilivyofika kwenye ule wazimu wa kalamu, ulimi ukagoma. Nikasoma kitu kingine.

Mhariri: Kitu gani?

Seremala: Nikasoma hivi: "Mumewe amekiri kwamba neno lile lilikuwa lake, na kwamba alimkana mkewe kwa kuogopa kuchekwa."

Mhariri: Hayo hayamo.

Seremala: Hayamo. Nimetunga. Kazi ngumu, kumbe.

Mhariri: Akasemaje?

Seremala: Alikasirika, sijapata kumwona vile. Anasema gazeti linamsingizia mume wake, maana mimi sijawahi kukiri kwa mtu. Anasema, "Piga simu sasa hivi, waambie waifute hiyo sentensi."

Mhariri: Kwa hiyo wewe—

Seremala: Kwa hiyo nimepiga.

Mhariri: Toba! Nifute sentensi ambayo haipo?

Seremala: Iandike kesho, iwepo. Halafu usiifute.

Mhariri: Kwa jina lako?

Seremala: Langu, la baba na la babu. Andika na karakana ilipo, wajue pa kuja kucheka.

Mhariri: Naandika. Lakini ya kesho ni ya kesho. Gazeti la leo lipo nyumbani kwako.

Seremala: Ndiyo hapo sasa. Alasiri anakuja binti wa dada yake, mwalimu. Naye humsomea. Atalisoma la leo kama lilivyoandikwa, na mke wangu atayasikia yale maneno yangu mara ya pili. Tena atajua kwamba nilivyokiri ilikuwa danganya toto.

Mhariri: Lichome.

Seremala: Nimewaza. Mwalimu anakuja na lake.

Mhariri: Basi sina la kukusaidia. Na usidhani nimempenda, mzee. Kitabu chake sikipendi leo, na kesho sitakipenda.

Seremala: Nani kakuomba umpende? Nimeomba— Ngoja. Ngoja, yuko hapa mlangoni. [sauti inashuka] Ndiyo, mke wangu. Ndiyo, ni wenyewe, wa gazeti.

Mhariri: Anasemaje?

Seremala: Anauliza kama mmekubali kuifuta.

Mhariri: Sikiliza. Mimi ya kwangu nitayaandika. Hili usinisukumie. Mwambie mwenyewe.

Seremala: Salio langu lina—

Mhariri: Kuongea na mkeo kunataka salio?

Seremala: [simu inawekwa juu ya mbao]

Mhariri: Mzee?

Seremala: Mke wangu, njoo ukae. Hapa kwenye benchi, taratibu, kuna patasi, ngoja niitoe. Hapana, hawajakataa. Nipe mkono. Ile sentensi, gazeti halikuiandika. Nimeisema mi—

Mhariri: Haloo? [mlio wa simu iliyokatika] Mzee? Haloo? Amesemaje?