Viti Vitupu vya Boti ya Kwanza: Risala ya Wabeba Vibao wa Gati Dogo

Mgeni rasmi, Bwana Halvard Nystuen, Meneja wa Kushusha Abiria wa kampuni ya meli, Mwenyekiti wetu Mzee Ransford Bevans, Mchungaji, ndugu madereva na waongoza wageni, akina mama wa mikate ya nazi, na nyinyi mliokuja kwa ajili ya wali na maharage tu, tunawajua kwa sura, karibuni pia.

KUKUKARIBISHA

Sisi wanachama wa Umoja wa Wabeba Vibao wa Gati Dogo, hapa Belize, tunakushukuru kwa kuja kutufungulia banda hili la kivuli ambalo kampuni yako imetujengea. Ni zuri. Bati jipya, mabenchi manane, na feni. Jana tulilijaribu kidogo, na Mzee Ransford akakoroma mpaka ndege wakahama.

Tumeona pia kwamba umeshuka gatini saa mbili na dakika tano asubuhi, kwa boti ya kwanza. Tumefurahi sana. Hiyo saa mbili na dakika tano tunaomba uishike vizuri, maana tutairudia.

Katibu wetu ana cheti cha chuo lakini sauti yake haivuki meza. Kwa hiyo kamati imempa kazi Bibi Evadne Rhaburn, ndiyo mimi, niliyeishia darasa la sita kwa sababu darasa la saba lilikuwa na hesabu za sehemu. Nikikosea, kosa ni langu. Nikipatia, kamati wameshasema sifa ni zao.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, maji yetu ni ya kina kifupi, na meli zenu ni kubwa kama kijiji. Zinatia nanga huko mbali, na watu wanaletwa kwa boti, dakika ishirini kuja na ishirini kurudi. Walionunua safari za meli wanashuka na kufuata bendera ya kampuni. Waliopanga safari zao wenyewe na sisi, kwa simu, wanashuka na kutafuta majina yao kwetu, tuliosimama kwenye ukuta wa gati.

Ndiyo kazi ya vibao. Kila mgeni ana kipande chake cha ubao, rangi nyeupe, jina kwa wino mweusi. Na sheria yetu ya kwanza, tangu tukiwa watu saba, ni hii: kibao hakishushwi mpaka mwenye jina afike, au boti ya mwisho ifungwe kamba. Jua liwake, mvua inyeshe, haja ikubane, kibao kiko juu.

MAFANIKIO

Leo tuko watu arobaini na mmoja. Kwa miaka kumi na tisa hakuna mgeni wetu hata mmoja aliyeachwa na meli. Tumewarudisha wote, na vitu vyao. Mama mmoja alisahau meno yake ya bandia kule kwenye magofu ya kale tunakowapeleka wageni; meli ilipokuja tena baada ya wiki mbili, tulimkuta bwana mmoja, jirani yake wa nyumbani, tukampa ampelekee. Tulisikia yalifika, ila yule bwana alikuwa ameyavaa kuona kama yatamtosha.

Mafanikio ya kutomwacha mtu, mgeni rasmi, yashike nayo. Tutayarudia kwa uchungu.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni foleni. Boti za kwanza ni za walionunua safari za meli. Halafu wenye vyumba vya bei kubwa. Wageni wetu wanabandikwa namba kifuani na kuambiwa wakae. Siku nzuri wanafika saa tatu na nusu. Siku mbaya tunasimama mpaka kivuli cha ukuta kinahamia upande wa pili.

Wajanja wao waligundua njia. Unanunua ile safari ndogo ya meli, ya kuzunguka mjini na kigari, unashuka na boti ya kwanza, ukifika gatini unaiacha bendera unatukimbilia sisi. Mwanzoni tuliwafundisha wenyewe. Kisha tukasikia kwamba kampuni inawahesabu wale kuwa ni wake, na inasema ofisini kwamba watu wa kujitegemea wamekwisha, hawahitaji nafasi. Tukakasirika. Tukakaa kikao, tukapiga kura, tukaandika kwenye daftari: hakuna mwanachama atakayemshauri mgeni anunue safari ya meli, hata iwe ya dakika kumi, ili tu awahi kushuka. Wote tulitia sahihi. Tulijisikia watu wazima sana siku ile.

Sasa, mgeni rasmi, kamati imeandika hapa, "Mwaka jana mwezi wa kumi lilitokea tukio la kusikitisha." Mstari mmoja. Mimi nimewaambia risala ya mstari mmoja wakasome wenyewe.

Kulikuwa na ndugu wawili wa kijiji cha Crooked Tree, Icilda na Theodora Gillett. Dora aliondoka kwenda Chicago akiwa na miaka ishirini na sita, na hakurudi miaka hamsini na moja. Kwanza hakuwa na karatasi za kuishi kule, baadaye hakuwa na moyo. Daktari alimkataza ndege kabisa. Icilda akaugua, ikajulikana hainuki tena. Watu wa kanisa la Dora wakachanga wakamkatia nafasi kwenye meli yenu, meli ambayo ingekaa hapa siku moja tu, Alhamisi. Icilda akapelekewa habari. Akasema, "Mwambieni Dora nitamsubiri mpaka Alhamisi. Ijumaa siahidi."

Dora akatupigia simu. Akauliza, "Bi Evadne, mwenzangu wa kwaya ananiambia ninunue ile safari ya kigari, nishuke na boti ya kwanza. Ninunue?"

Tukamwambia, "Usinunue, mama. Utashuka tu. Sisi tupo."

Kamati imeandika "tukamwambia" ili nisione haya mbele yako. Ni mimi niliyemwambia. Daftari lilikuwa mbele yangu, na sahihi yangu ilikuwa ya tatu kutoka juu.

Alhamisi ile boti ya kwanza ilifika saa mbili na dakika tano. Boti ya watu tisini. Tulihesabu waliotoka: kumi na mmoja. Viti vilivyobaki vilikuja vitupu kutoka melini, vikarudi vitupu kuchukua wengine wa bendera. Saa tatu boti moja ikaharibika injini. Saa nne kibao changu bado kiko juu, kimeandikwa THEODORA.

Dereva wetu Eustace akasema, "Bibi, pumzisha mkono, utakatika."

"Ukikatika utakibeba kwa meno. Angalia baharini."

Verlene, jirani aliyekuwa anamuuguza Icilda, akapiga simu. "Anauliza Dora amefika wapi."

"Mwambie yuko kwenye boti."

Saa tano akapiga tena. "Amenituma nifungue mlango wa mbele. Anasema anataka amwone akiingia. Amefika wapi, Bibi?"

Dora alikuwa bado melini, namba ishirini na mbili kifuani. Nikasema, "Mwambie wameshavuka daraja, wako njiani."

Eustace akaniangalia. Kisha akaenda kuligeuza gari lielekee barabarani.

Alishuka saa sita na dakika kumi. Mwanamke mdogo wa umbo, kofia ya kanisani, mkoba ameukumbatia kama mtoto. Akakiona kibao, akalipapasa jina lake. Akasema, "Niliwaambia dada yangu anakufa. Binti wa mlangoni akanijibu kwa upole kabisa, 'Mama, kila mtu hapa ana haraka yake. Namba yako itaitwa.'" Kisha akauliza, "Tumechelewa?"

Eustace akasema, "Panda, mama. Hii gari haijui neno hilo."

Eustace aliendesha vile ambavyo hatutaeleza mbele ya watu wa serikali. Njiani Dora alifungua mkoba akatuonyesha gauni la kulalia, la rangi ya waridi, lina kola ya lesi. Akasema, "Icilda alilalia magauni yangu yaliyochakaa mpaka nikaondoka. Hili ni jipya. Hajalivaa mtu."

Tuliingia saa saba na robo. Mlango ulikuwa wazi. Icilda alikuwa amekata roho saa sita na nusu, uso ameuelekeza mlangoni. Mkono wake ulikuwa bado una joto. Verlene akasema, "Nilimwambia mmeshavuka daraja. Alifurahi."

Boti ya mwisho ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Dora alikuwa na dakika arobaini na dada yake, baada ya miaka hamsini na moja. Dakika hizo alizitumia kumwosha na kumvisha lile gauni. Alikuwa bado anafunga vifungo vya kola tuliposimama mlangoni na kumwambia muda umekwisha. Hakuweza kubaki, dawa zake ziko melini, na bila meli hana njia ya kurudi kwao. Akatuuliza, "Hata kifungo hiki kimoja?"

Tukamsubiri kifungo kimoja. Tukamrudisha. Aliwahi boti kwa dakika sita. Mikesha tisa ya msiba wa Icilda, kama ilivyo desturi yetu, ikakeshwa na majirani, na kiti cha ndugu kikabaki kitupu. Ndiyo rekodi yetu, mgeni rasmi. Hakuna aliyeachwa na meli.

MAOMBI

Hatukuja kukulaumu wewe peke yako. Lile azimio tulilifuta wiki ile ile, na ukurasa wake tumeuchana. Lakini ujanja wa kununua kigari si dawa.

Tunaomba viti ishirini kwenye boti ya kwanza kwa wageni waliopanga safari zao wenyewe. Vipo. Tumevihesabu vikienda na kurudi na hewa.

Tunaomba pia mtu mwenye mgonjwa au maiti nchi kavu asibandikwe namba. Amini neno lake. Atakayedanganya ili akaogelee, mwachie Mungu, na sisi tutamtoza bei ya juu.

Ombi lingine halina huzuni. Choo cha gati kinafunguliwa kwa wenye beji ya meli tu. Wengi wetu tumevuka miaka sitini na tunasimama tangu alfajiri. Ufunguo mmoja, mgeni rasmi. Tutautundika hapa kwenye banda lako.

Na kuhusu banda: asante tena. Tutakaa, feni itazunguka. Ila shida yetu haikuwa jua. Umetujengea mahali pazuri pa kusubiri, na sisi tunakuomba utupunguzie kusubiri.

ZAWADI

Ni desturi yetu mgeni asiondoke mikono mitupu. Wengine walitaka tukupe divai ya mabibo, na chupa ipo, Mchungaji asijifanye haioni. Lakini zawadi yenyewe ni hii. Ni kibao. Rangi imebanduka pembeni kwa jasho la mkono wangu, jina linasomeka.

Dora ametupigia simu. Atakuja na meli yenu Alhamisi ya tarehe nane Februari, kuweka jiwe kwenye kaburi la dada yake. Safari hii akaniuliza tena, "Bi Evadne, ninunue kigari?" Nimemwambia asubiri kidogo, kuna mtu anakuja, nimuulize kwanza.

Kwa hiyo tunakuuliza. Usitujibu leo kwa hotuba. Asubuhi ile simama kwenye mlango wa meli, inua kibao hiki juu kama tunavyofanya sisi, na usikishushe mpaka mwenye jina awe amekaa kwenye boti ya kwanza. Sisi tutakuwa ukutani saa mbili na dakika tano, mikono mitupu, tunaangalia.

Mungu akulinde majini na nchi kavu, awalinde mabaharia wako, ailaze pema roho ya Icilda, na awape subira wote wanaongoja kuitwa.

Ni sisi,
Umoja wa Wabeba Vibao wa Gati Dogo, Belize.
Imesomwa na Bibi Evadne Rhaburn, aliyemwambia asinunue.